Mazishi ya Bi Orosia

Mara ya kwanza Visi alipomuua Bi Orosia hakukusudia. Alitaka tu wageni waache kutazama simu zao.

Jina lake kamili lilikuwa Visitación Lasheras, lakini Zaragoza nzima ilimjua kwa jina la Visi. Tangu usichana wake alikuwa akiuza viatu katika duka moja karibu na soko kuu, akipiga magoti mbele ya miguu ya watu, mpaka mwenye duka alipozeeka na watoto wake wakaona heri wauza simu wapangishwe jengo. Visi akajikuta nje, amevuka hamsini, hana mume wala mtoto, na ujuzi wake wote ni kumtazama mtu nyayo na kujua ni kiatu gani kitambana. Kitu kingine alichokuwa nacho ni Kiingereza. Alikipata Ireland, alikokwenda kulea watoto wa watu alipokuwa binti, na hakikumtoka.

Miezi ile ya kukaa bure ndipo Bi Orosia alipomshika mkono. Bi Orosia alikuwa mpishi wa baa ya mwanawe Lamberto, katika vichochoro vya Tubo, mtaa wa baa, na kroketi zake, vibonge vya samaki chewa vya kukaanga, zilijulikana hata ng'ambo ya mto. Kila Visi alipopita mbele ya mlango, bibi alimpigia kelele kutoka jikoni.

"Wewe! Unakwenda wapi na uso huo? Ingia ule."

"Nimeshakula, Bi Orosia."

"Umekula nini, upepo? Ingia. Tumbo halina habari kwamba duka limefungwa."

Sahani ilikuwa ikimngoja mwisho wa kaunta, imefunikwa na sahani nyingine, na hakuna aliyewahi kuisemea neno, si mama wala mwana. Visi alipopata wazo la kutembeza watalii jioni, baa nne, kila baa kitafunio kimoja na glasi moja ya divai, wenye baa wengi walikunja nyuso. Vichochoro vimebana, walisema, na watalii hukaa sana wakinywa kidogo. Lamberto naye alikuwa karibu kukataa. Mama yake akatoa kichwa kwenye kidirisha cha jikoni akasema, "Walete wageni wako hapa, mwanangu. Huyu usimsikilize." Pelayo, mwenye baa ya jirani, alipoona Lamberto amekubali naye akakubali, maana Pelayo hakupenda jirani apate kitu asichokipata yeye.

Basi Visi akaanza kazi. Na ukweli ni kwamba hakuiweza. Alisoma vitabu, akakariri habari za Warumi na Wamoro na wafalme wa Aragón, akawamwagia wageni pale kwenye kaunta huku wametega masikio nusu. Wageni walitafuna, wakatikisa vichwa kwa adabu, halafu mmoja akatoa simu, na wa pili, na mara kikundi kizima kimeinama kama watu wanaosali. Visi aliendelea kuzungumza akizitazama tosi zao. Usiku alipovua viatu alijisikia kama mtu aliyeimba barabarani na hakuna aliyesimama.

Ukutani mwa baa ya Lamberto, karibu na mapaja ya nguruwe yaliyoning'inizwa, palikuwa na picha ya Bi Orosia akiwa na miaka ishirini na kitu, amevaa aproni, ameshika kikaangio kama ngao, anacheka, na bega la kijana fulani likionekana pembeni. Jioni moja ya mwezi wa tano Bi Orosia alikuwa kijijini kwao, milimani, kwenye ubatizo. Mzee mmoja Mwingereza aliinyanyulia picha ile glasi yake na kumwuliza Visi kwa sauti ya upole, "Alifariki lini?"

Angeweza kumwambia, hapana, yuko kwenye ubatizo. Lakini mzee alikuwa ameshainua glasi, na wenzake wameshageuka kutazama, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile hapakuwa na simu hata moja mkononi. Visi akasema, "Mwaka jana."

Mwanamke mmoja akaweka mkono kifuani. "Na bado mnakula chakula chake," akanong'ona.

"Mapishi yake," Visi akasema. "Nyumba inayafuata mpaka leo."

Uongo ni kama mgeni wa siku moja, ukishamtandikia kitanda haondoki. Jioni iliyofuata Visi aliona mapema kabisa macho ya wageni yakianza kuteremka kwenye simu, akaionyesha picha. Wiki iliyofuata alitia chumvi kidogo: Bi Orosia alifia jikoni, siku ya sikukuu ya Bikira wa Pilar, msimamizi wa mji, mwiko mkononi. Baadaye likaja jeneza. Watu wa Tubo wakalibeba mabegani kupita vichochoroni, na kila baa lilipopita ikazima taa. Hadithi ikanoga. Kuna jioni Visi mwenyewe alitokwa machozi, ya kweli, na wageni wakampapasa bega. Wakaandika kwenye mitandao kwamba Visi wa Zaragoza hukufanya ulie na ule kwa wakati mmoja. Wageni wakaongezeka.

Lamberto hakujua Kiingereza, wala mama yake. Bi Orosia aliporudi kutoka kijijini aliona tu kwamba wageni wa Visi siku hizi wamekuwa watu wazuri mno. Akiwachungulia kwenye kidirisha, ana kofia ya plastiki kichwani na mvuke usoni, hafanani hata kidogo na msichana wa picha, na wageni walimdhania msaidizi wa jikoni. Walimtazama kwa huruma. Wengine walimshukuru wameweka mkono kifuani. Bi Orosia alifurahi, akamwomba mjukuu wake amfundishe salamu ya Kiingereza, na tangu hapo kila kikundi kilipoingia alitoa kichwa akasema, "Gud ivning! Gud ivning!" na kucheka mwenyewe.

Visi aliisikia salamu ile kila jioni. Kila jioni aliimezea divai.

Ikafika jioni ya mwezi wa kumi na moja, upepo wa cierzo ukivuma bondeni mwa mto Ebro na kuwasukuma watu migongoni. Kikundi kilikuwa kidogo. Ndani yake alikuwamo mama mmoja, Nelly Arbeláez, mzaliwa wa Bogotá aliyeolewa Kanada, aliyekuja katika matembezi ya Kiingereza kwa ajili ya mumewe. Visi hakujua kwamba anazungumza Kihispania. Nelly hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitembea nyuma, amejifunga skafu nyeusi.

Walipofika kwa Lamberto, Visi alisimama mahali pake chini ya picha akaanza. Mwiko. Sikukuu. Jeneza. Taa kuzimwa moja baada ya nyingine. Nelly alilia tangu mwanzo mpaka mwisho bila kujifuta. Hadithi ilipokwisha Visi alikwenda kaunta kuagiza divai, akawapa mgongo, na hapo ndipo Nelly alipokwenda kwenye kidirisha cha jikoni.

Alimkuta bibi mzee anaviringisha kroketi kwenye makombo ya mkate. Akamwambia kwa Kihispania kizuri, "Mama, poleni sana na msiba. Mimi pia nimemzika mama yangu mwaka huu. Chakula hiki kimenikumbusha yeye."

"Pole, binti yangu," Bi Orosia akasema, mikono imejaa makombo. "Mungu amlaze pema. Lakini sisi hatuna msiba hapa. Umesikia nani amekufa?"

"Bi Orosia. Mwenye picha ile."

"Aa, mwenye picha ile." Bi Orosia akacheka. "Binti, mwenye picha ile ni mimi."

Visi alisikia kicheko kile na akajua. Hakugeuka. Alimwona Lamberto mbele yake akiacha kumimina divai, shingo ya chupa ikining'inia juu ya glasi.

"Nani kasema nimekufa?" Bi Orosia aliuliza, bado akidhani ni mzaha.

Nelly aligeuza tu macho, na macho yake yakaenda mahali pamoja.

Bi Orosia alitoka jikoni. Wateja wa kila siku, wazee wawili watatu waliokuwa wakibishana mpira kwenye kona, waligeuka kumtazama. Alikuja taratibu mpaka nyuma ya Visi, akasimama.

"Visi, mwanangu. Nimekufa lini?"

Visi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Alisema siku ya sikukuu ya Pilar," Nelly akasema polepole. "Ukiwa na mwiko mkononi. Alisema walikubeba mabegani na baa zote zikazima taa."

Mzee mmoja kwenye kona akapasuka kwa kicheko, kisha akakikata katikati. Bi Orosia aliinua macho kuitazama picha yake. Akaitazama muda mrefu. Halafu akafungua aproni, akaikunja mara nne kama mtu anayekunja kitambaa cha altare, akamkabidhi mwanawe juu ya kaunta.

"Mama, unafanya nini? Kuna watu wanangoja chakula."

"Maiti hapiki, Lamberto," akasema, akatoka nje kwenye upepo bila koti. Lamberto akanyakua koti la mama yake msumarini akamkimbilia.

Wageni wengine hawakuelewa kitu. Waliona bibi amekasirika, mwenye baa amekimbia. Mume wa Nelly akauliza kwa Kiingereza, "Yule ni nani? Kumetokea nini?"

Na hapa ndipo Visi alipofanya jambo ambalo hakuwahi kujisamehe. Lile la picha lilianza kwa kuteleza na likakua kwa uvivu. Hili alilifanya macho makavu, akili timamu, kwa sababu macho yote yalikuwa juu yake na alitaka yaondoke.

"Ni dada wa marehemu," akasema kwa Kiingereza. "Maskini, uzee umemwingia kichwani. Amechanganyikiwa. Wakati mwingine hudhani yeye ndiye Orosia."

Wageni wakasikitika. "Oo, maskini bibi wa watu."

Nelly alimtazama. Hakumfichua mbele ya wenzake, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angemzomea. Alimsogelea tu, akamwambia kwa Kihispania, chini kwa chini, "Hata sasa?"

Visi akatazama sakafu.

"Mimi nimemlilia mama yangu humu ndani," Nelly akasema. "Nimemlilia kwenye jeneza lako la uongo." Akamshika mumewe mkono, wakaenda zao.

Zilikuwa zimebaki baa mbili. Visi aliwapeleka waliobaki kwa miguu isiyo yake. Alikunywa, alitabasamu, alitaja majina ya vyakula. Alipoachana nao alikaa kwenye ngazi za kanisa moja, upepo ukimpiga usoni, akajaribu kulia na hakuweza, kwa kuwa machozi yale alikuwa ameyatumia kwa wageni.

Tubo ni vichochoro, na neno likidondoka kichochoroni halina pa kwenda ila masikioni mwa watu. Kesho yake asubuhi muuza magazeti alimwuliza afya yake ikoje, na kama anamjua mtu yeyote anayekaribia kufa. Pelayo alimngoja mlangoni mwa baa yake, mikono kifuani, meno yote nje.

"Bi Mazishi! Karibu. Leo unamzika nani? Mimi niache kidogo, nina mzigo wa divai unakuja Ijumaa."

"Niache, kaka Pelayo."

"Nikuache vipi? Eti hata mimi nilizima taa! Dada Visi, ungeniuliza kwanza. Mimi taa sizimi. Sikukuu ile ndiyo siku ninayouza kuliko zote."

Wateja wake wakacheka mpaka wakashika kaunta. Visi alicheka nao, kicheko kikavu, akaharakisha. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Lakini aibu hii ilikuwa ya mtu aliyemlaza mzima kwenye kitanda cha kuoshea, na mji wote ulikuwa umeiona.

Kwa Lamberto mlango wa jikoni ulifungwa. Alijaribu kukaanga kroketi mwenyewe, zikapasuka kwenye mafuta. Visi alipomwendea hakumtukana. Alikuwa akifuta glasi moja bila kuacha.

"Wageni wako usiwalete hapa tena," akasema.

"Lamberto, nataka kumwomba radhi mama."

"Anapoishi unapajua. Umekula kwake mara ngapi?"

Ilimchukua Visi siku kadhaa kuipata nguvu. Alipanda ngazi za nyumba ya Bi Orosia asubuhi, maana bibi alikuwa mtu wa asubuhi, akabonyeza kengele huku akiombea pasiwe na mtu. Mlango ukafunguliwa. Bi Orosia alikuwa amevaa gauni la nyumbani na sweta, nywele zake nyeupe zimefungwa nyuma. Bila kofia ile ya jikoni alionekana mdogo, na Visi aligundua kwamba hakuwa amemtazama vizuri kwa muda mrefu.

"Pita," Bi Orosia akasema. Hakusema mwanangu. "Kaa hapo, mama."

Kuitwa mama, kama mtu baki wa foleni ya benki, kulimwingia Visi kuliko tusi. Akakaa kwenye meza ya jikoni.

"Sasa niambie nilivyokufa."

"Bi Orosia, nimekuja kukuomba..."

"Ulichokuja kuomba nakijua. Kwanza niambie. Umewaambia watu wa dunia nzima, ukanibakiza mimi mwenyewe."

Visi akaanza. Mambo aliyoyazoea kuyasema kwa lugha ya kigeni, sauti ikipanda na kushuka, sasa ilibidi ayaseme kwa lugha ya nyumbani, mchana kweupe, mbele ya uso wa mwenyewe. Kila neno lilitoka limevuliwa nguo.

"Ulikuwa unakaanga. Baa imejaa. Ukasema unasikia baridi. Ukakaa juu ya gunia la viazi, mwiko mkononi, ukalala."

"Gunia la viazi? Sisi hatuweki gunia jikoni tangu Lamberto aumie mgongo. Endelea."

"Wakakubeba mabegani. Kila baa ulipopita ikazima taa."

"Pelayo naye?"

"Naye."

"Pelayo hakufunga hata siku aliyomzika baba yake. Alikwenda kanisani akarudi kukata nyama." Bi Orosia alitikisa kichwa. "Na Lamberto? Alilia sana?"

Visi akapangusa ukingo wa meza kwa kidole.

"Nakuuliza mwanangu alifanya nini kwenye mazishi yangu."

"Sikumtaja."

"Hukumtaja?"

"Hapana."

"Basi nilibebwa na Pelayo, na mwanangu hakuwepo." Alisema bila hasira, kama mtu anayejaribu kulielewa jambo. Kisha akauliza, "Uliyatoa wapi yote hayo?"

"Mama yangu alikufa nikiwa Ireland," Visi akasema. "Sikuwahi mazishi. Waliniambia walikuwa watu wanne na padri, mvua inanyesha. Nadhani..." Hakumaliza. Hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyokuwa yakitafuta mlango wa kutokea.

"Mama yako mzike kwa jina lake," Bi Orosia akasema. "Langu niachie, bado nalitumia."

Akainuka, akazima jiko lililokuwa na chungu cha kahawa, akaligusa tena kuhakikisha limezimika. Akarudi kukaa.

"Unajua kilichoniuma? Si kufa. Kufa kwenyewe kuko karibu, sikuogopi. Ni wale watu. Walikuwa wakinitazama kwa upendo. Mimi nawaambia gud ivning, wao wananitazama hivi, mpaka naona haya. Nikawa namwambia Lamberto, hawa watu wa Visi wananipenda, hatuongei lugha moja lakini wananipenda. Nikawa navaa hereni. Jikoni, kwenye mafuta, navaa hereni! Kumbe walikuwa wanamlilia maiti, na mimi ni bibi wa kuosha vyombo."

Visi alifunika uso kwa mikono.

"Toa mikono. Nilipotoka pale, uliwaambia nini? Walikuuliza, sivyo? Mimi nisingeacha kuuliza."

Angeweza kusema, niliwaambia ukweli. Nelly alikuwa ameshaondoka nchini. Hakuna mwingine katika Zaragoza aliyejua.

"Niliwaambia wewe ni dada wa Orosia," akasema. "Kwamba umechanganyikiwa kwa uzee. Kwamba unajidhania yeye."

Wote wawili walikuwa wakikumbuka jioni moja ya mwaka uliopita, Bi Orosia amemvuta Visi pembeni na kumwambia, usimwambie Lamberto, nimeacha chungu motoni nikaenda zangu misani, sikukumbuka hata kidogo, naogopa kichwa changu. Visi alimkumbatia siku ile, akaapa kulificha. Na kweli alilificha, mpaka alipolihitaji.

"Nenda," Bi Orosia akasema.

"Bi Orosia, nisamehe."

"Nimekusikia. Nenda."

Akamfungulia mlango, akaufunga bila kuubamiza.

Kabla ya Krismasi Bi Orosia alirudi jikoni, kwa sababu wateja walikuwa wakimlalamikia Lamberto na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, nyumbani kuna kimya sana. Visi alizipata habari hizo kwa Pelayo. Visi mwenyewe alikuwa akiwapitisha wageni kichochoro kingine, baa tatu badala ya nne, na alikoma kusimulia. Aliwaambia hiki ni kitunguu saumu, hii ni nyama ya mwanakondoo, mlima mtakaouona kesho upepo ukitulia ni Moncayo. Simu zikarudi mezani. Akaziacha. Mitandaoni mtu mmoja aliandika kwamba chakula kizuri lakini mwongozaji amepoa. Visi alilisoma, akaona ni haki yake. Kulikuwa na nyakati, akiwa anapiga mswaki au anafunga kamba za viatu, sauti yake mwenyewe ilimrudia ikisema kwa Kiingereza laini, maskini, uzee umemwingia kichwani, na uso ulimwiva kwa aibu peke yake mbele ya kioo.

Kwaresima ilikuwa imeanza Lamberto alipomkuta sokoni kwenye meza ya samaki.

"Mama anauliza kwa nini wageni wako hawaji."

"Si ulinikataza?"

"Mimi nilikukataza. Yeye anasema hakumkataza mtu." Lamberto alipangusa pua, hakupenda ujumbe aliotumwa. "Alhamisi, amesema."

Alhamisi Visi aliwaleta, Waholanzi wengi na mama mmoja mwenye kofia ya manyoya. Picha ilikuwa palepale. Yeye hakusimama chini yake. Alisimama karibu na mlango, kama mtu anayepima njia ya kukimbilia. Kroketi zilipotoka, Bi Orosia alitoka nazo. Aliweka sahani kaunta, akajifuta mikono, akawakabili wageni.

"Watafsirie," akamwambia Visi. "Neno kwa neno. Usitie chumvi, chumvi natia mimi."

"Sawa, Bi Orosia."

"Waambie mimi ndiye Orosia. Mwenye picha ni mimi. Nina miaka themanini na mmoja, na yule kijana anayeonekana bega tu pale pembeni hakuwa mume wangu."

Visi akatafsiri. Wageni wakacheka, wakapiga makofi.

"Waambie mwanamke huyu anayewatembeza aliwaambia watu kwamba nimekufa. Na nilipojitokeza mzima akawaambia nina wazimu wa uzee."

Visi aliangalia glasi zilizopangwa, akasema yote, hakuruka neno. Wageni wakacheka zaidi; walidhani ni mchezo wanaouchezana wawili hao kila jioni.

"Si mzaha," Visi akawaambia.

Kicheko kikakatika. Mama mwenye kofia ya manyoya akauliza, "Lakini kwa nini ulifanya hivyo?"

Visi akamtafsiria Bi Orosia swali lile.

"Mjibu," Bi Orosia akasema. "Hilo ni lako, si langu."

"Nilitaka mnisikilize," Visi akasema kwa Kiingereza. Akalirudia kwa Kihispania, ili na bibi alisikie. Bi Orosia aliitikia kwa kichwa mara moja, akarudi jikoni, mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi.

Alhamisi iliyofuata alitoka tena, akamtaka aseme yaleyale. Na iliyofuata. Lamberto alikuwa akigeuka kupanga chupa wakati huo, asione. Pelayo alikuja kusimama mlangoni asikilize, akakosa la kuchekea, akarudi kwake.

Wiki ya nne Bi Orosia alitoka na sahani yake, akajifuta mikono. Alisema jina lake. Alisema miaka yake. Alisema la bega la yule kijana. Visi alitafsiri, akasubiri ile sehemu nyingine, mabega ameyakaza kama mtu anayengoja maji ya baridi. Bi Orosia alimtazama kidogo.

"Basi," akasema. "Waambie wazile, zinapoa."

Visi akawaambia. Uso ulikuwa umemwiva vilevile.